Vitabu vya kutetea historia ya Biblia: kipi ununue kwanza hapa Dar, kipi ukiache rafuni

Ukifanya kazi mjini Posta, au ukipanda daladala ya Mbagala jioni na watu wanaopenda mada za dini, swali litakufikia tu. Injili ziliandikwa miaka mingapi baada ya Yesu? Nakala za awali ziko wapi? Mbona Mathayo anasema hivi na Luka anasema vile? Zamani maswali haya yalikuwa ya kwenye mihadhara ya viwanjani, watu wamesimama juani na Biblia mkononi. Siku hizi yanaingia kwenye grupu la familia kwa klipu ya dakika mbili, halafu mama mdogo anakutaja jina mbele ya ukoo mzima: "Wewe ndiye msomi wetu, hebu mjibu huyu."

Wengi wakifikishwa hapo wanaenda duka la vitabu la kanisa na kutoka na kitabu kinene kuliko vyote, kwa imani kwamba unene ndio ushahidi. Baada ya muda kitabu kiko juu ya friji kinashika vumbi, na klipu nyingine imeshaingia.

Niseme msimamo wangu mapema ili usije ukadhani nitasifia kila kitu. Kitabu cha kununua ni kile kinachokueleza ugumu ulipo kabla hakijakupa jibu. Kitabu kisichotaja ugumu wowote kimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hataulizwa swali la pili, na Dar swali la pili halikosi. Anayekuuliza mara nyingi ameshasoma, tena anajua ni wapi utataka kupakwepa.

Jambo lingine ni lugha. Vyote nitakavyovitaja ni vya Kiingereza. Kwa Kiswahili rafu ya mada hii bado ni nyembamba, na ninavyokutana navyo zaidi ni vijitabu vya kurasa chache vinavyorudia hoja zilezile bila kusema zimetoka wapi. Kwa hiyo katika kupanga nimeupa uzito wepesi wa kusomeka: Kiingereza cha kawaida kimepandisha kitabu, Kiingereza cha chuo kikuu kimekishusha hata kama hoja zake ni nzito.

Kabla hujalipa, fungua kurasa hizi

Muuzaji mstaarabu atakuacha usimame na kitabu dakika tano. Zitumie vizuri.

Nenda kwanza kwenye faharasa nyuma, umtafute Quirinius, ambaye Biblia zetu zinamwita Kirenio. Luka 2:2 inaiunganisha sensa ya wakati wa kuzaliwa Yesu na Kirenio aliyekuwa liwali wa Shamu. Mathayo anasema Yesu alizaliwa zamani za Herode. Sasa Herode, kwa hesabu ya wanahistoria wengi, alifariki mwaka 4 kabla ya Kristo, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ileile, anaiweka sensa ya Kirenio mwaka 6 baada ya Kristo. Hapo pana pengo la kama miaka kumi. Watetezi wana majibu kadhaa: kwamba Kigiriki cha Luka kinaweza kusomwa kuwa sensa hii ilikuwa kabla ya ile ya Kirenio, kwamba Kirenio alikuwa na madaraka mengine eneo hilo miaka ya nyuma, kwamba Josephus ndiye aliyechanganya tarehe. Kila jibu lina nguvu yake na lina udhaifu wake. Kitabu cha maana kinayapanga yote, kisha kinakuambia kinaegemea lipi na kwa nini. Kitabu cha kuacha ama hakimtaji Kirenio kabisa, ama kinatangaza kwamba akiolojia imethibitisha alitawala mara mbili, kinapita. Jiwe linaloletwa sana kutetea dai hilo, lile lililopatikana Tivoli karibu na Roma, limevunjika, na jina la mtu anayesifiwa juu yake halimo.

Kisha mtafute Josephus mwenyewe. Kwenye kitabu cha 18 cha historia yake ya Wayahudi kuna aya inayosema waziwazi kwamba Yesu ndiye Kristo na kwamba aliwatokea wanafunzi wake akiwa hai siku ya tatu. Josephus hakuwa Mkristo. Wataalamu wengi, Wakristo wakiwemo, wanaona kiini cha aya ni chake lakini wanakili wa Kikristo waliongeza maneno yao. Kitabu kinachoinukuu aya nzima bila kukudokeza hilo kitakuaibisha mbele ya mtu aliyesoma. Kinacholieleza tatizo, halafu kikakupeleka kitabu cha 20 panapotajwa Yakobo ndugu yake Yesu "aitwaye Kristo", kimeandikwa na mtu anayeijua kazi yake, maana hapo mabishano ni madogo zaidi.

La tatu ni umri wa kitabu, na hili wanunuzi wanalipuuza mno. Mwaka 2012, kwenye mdahalo huko Marekani, ilitangazwa kwamba kimepatikana kipande cha Injili ya Marko cha karne ya kwanza. Habari ilisambaa, ikaingia kwenye mahubiri na kwenye vitabu. Kipande chenyewe kilipochapishwa rasmi mwaka 2018 katika mfululizo wa mafunjo ya Oxyrhynchus (maandishi ya kale yaliyochimbuliwa Misri), namba 5345, wahariri walikiweka mwishoni mwa karne ya pili au mwanzoni mwa ya tatu. Bado ni cha kale sana, ila cha karne ya kwanza si. Ukikutana na kitabu kinachokitamba kipande hicho kama ushindi, kimeshapitwa, hata kama jalada linang'aa.

Angalia pia namba 643. Vitabu vya zamani hupenda kulinganisha maelfu ya nakala za Agano Jipya na nakala 643 za Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer. Hesabu za karibuni za Iliad zimepita 1,700. Agano Jipya linaendelea kuongoza kwa mbali, kwani nakala zake za Kigiriki zilizoorodheshwa ni kama 5,800, lakini ukiiona 643 ujue kitabu hicho hakijaguswa siku nyingi. Na hizo 5,800 zenyewe, nyingi ni za karne ya tisa na kuendelea, na nyingi hazina Agano Jipya zima. Mwandishi mwaminifu analisema hilo kwenye ukurasa uleule anaojivunia wingi.

1. Peter J. Williams, Can We Trust the Gospels?

Hiki ndicho cha kwanza, na kwa mbali. Kilitoka 2018. Williams anaongoza Tyndale House, kituo cha utafiti wa Biblia kilichopo Cambridge, Uingereza, na ni mtu wa lugha za kale kwelikweli. Lakini ameandika kitabu chembamba, Kiingereza chepesi, ambacho mtu aliyemaliza kidato cha nne na anayependa kusoma atakimaliza bila kamusi kubwa.

Nguvu yake iko kwenye vitu vidogo. Chukua mkuyu. Luka 19 inasema Zakayo alipanda mkuyu huko Yeriko ili amwone Yesu. Mti wenyewe, ambao sisi tunaujua vizuri maana ni wa Afrika, haukuwa mti wa Italia wala wa Ugiriki wala wa Uturuki ya leo. Mtu aliyekaa Roma akitunga kisa cha Yeriko asingekuwa na sababu ya kuuwaza. Peke yake haithibitishi chochote. Williams anakusanya mambo ya namna hiyo mengi, miji midogo, njia za kupanda na kushuka, kodi na sarafu, hadi unaanza kuona kwamba habari hizi zimetoka kwa watu walioijua nchi ile.

Au chukua majina. Palestina ya wakati ule ilikuwa na majina machache yaliyotumika mno, Simoni na Yusufu yakiongoza, na Wayahudi wa Misri walikuwa na mpangilio wao tofauti. Mtu akikusimulia kisa cha kijiji cha Bukoba halafu wahusika wake wote wakawa akina Massawe na Mushi, utajua hajawahi kufika Bukoba. Injili zinapita mtihani huo. Zaidi ya hapo, majina ya kawaida yanapewa alama ya kuyatofautisha, kama Simoni aitwaye Petro, Simoni Mkananayo, Simoni mkoma, wakati majina ya nadra kama Filipo na Tomaso yanasimama yenyewe. Fungua orodha ya mitume kwenye Mathayo 10 ujionee.

Hoja ninayoipenda zaidi ni ya Filipo. Kwenye Yohana 6, kabla ya kulisha watu elfu tano, Yesu anamgeukia Filipo na kumuuliza watanunua wapi mikate. Kwa nini Filipo, wakati Petro yupo na Yohana yupo? Yohana haelezi. Luka 9:10 inasema tukio lilikuwa upande wa Bethsaida, lakini Luka hamtaji Filipo hapo. Halafu Yohana 1:44, mbali kabisa na habari ya mikate, inataja kwa kupitia tu kwamba Filipo ni mtu wa Bethsaida. Yesu alimuuliza mwenyeji. Hakuna kati ya waandishi hao anayejaribu kukuonyesha jambo hilo. Linajitokeza ukiwasoma pamoja. Hoja za aina hii zilishaandikwa na Waingereza wa karne ya 19, lakini ni rahisi kuzielewa, na ukiwa na Biblia yako ya Union Version pembeni unazifuata mwenyewe bila kumwamini mtu yeyote kwa maneno tu. Kwenye kikundi cha vijana hoja hii inafanya kazi kuliko orodha ya namba.

Upungufu: kinahusu Injili nne tu. Ukitaka habari za Waisraeli kutoka Misri, kuta za Yeriko au nyaraka za Paulo, hapa hazimo. Na ufufuo ameugusa kwa ufupi.

2. Craig Blomberg, The Historical Reliability of the Gospels

Hiki ni cha mwalimu wa darasa la Biblia, katekista, mwinjilisti, au yeyote anayewekwa mbele ya watu kila wiki. Toleo la kwanza ni la 1987; wewe tafuta la pili, la 2007. Blomberg alifundisha miaka mingi Denver Seminary huko Marekani.

Wengine wanapokuambia kwamba hakuna mgongano, yeye anakupeleka ulipo. Yule akida wa Kapernaumu: Mathayo 8 anasema alikuja mwenyewe kwa Yesu, Luka 7 anasema alituma wazee wa Wayahudi. Binti Yairo: kwa Marko yuko taabani, kwa Mathayo baba yake anasema ameshakufa. Blomberg anaeleza namna waandishi wa zamani walivyofupisha habari na namna walivyomtaja mkubwa kwa tendo lililofanywa na aliowatuma, kisha anakubali pale ambapo maelezo yanaridhisha nusu. Ana sura nzima juu ya Injili ya Yohana na tofauti zake na zile tatu, jambo ambalo vitabu vingi vyepesi vinalikwepa.

Hakisomeki kitandani, nikuonye. Tanbihi zimejaa, na sura ya mwanzo juu ya mbinu za wasomi inaweza kukukatisha tamaa. Iruke, anza na sura ya miujiza au ya migongano, utairudia baadaye ukishazoea sauti yake. Kwa shilingi unayolipa, hakuna kitakachokupa majibu mengi zaidi ya hiki.

3. F. F. Bruce, The New Testament Documents: Are They Reliable?

Kilitoka mara ya kwanza 1943, wakati mwandishi akiwa mhadhiri wa Kigiriki chuo kikuu cha Leeds, kabla hajawa profesa wa Biblia huko Manchester. Ni kifupi, na ndicho unachoweza kukikuta kwa wauza vitabu vya mitumba kwa bei ya chakula cha mchana.

Uzuri wake ni kwamba Bruce alitokea upande wa fasihi ya Kigiriki na Kilatini. Anaiweka Biblia kwenye meza moja na waandishi wa historia wa Kirumi na Kigiriki kama Kaisari, Livy, Tacitus na Thucydides, anauliza: kama hao tunawaamini kwa nakala chache zilizoandikwa karne nyingi baada yao, kipimo gani tutakitumia kwa Luka? Sura yake juu ya Luka ndiyo inayobeba kitabu. Kwenye Matendo 17 Luka anawaita wakubwa wa Thesalonike kwa cheo ambacho hakipatikani kwa waandishi wengine wa Kigiriki wa kale, na watu walikuwa tayari kusema kakosea, hadi maandishi ya mawe ya eneo hilo yalipotoa cheo hichohicho. Galio wa Matendo 18 naye anathibitishwa na maandishi ya mawe ya Delphi huko Ugiriki, yanayomweka Korintho karibu na mwaka 51 au 52, na kwa tarehe hiyo safari za Paulo zinapata msumari wa kushikia.

Bruce aliandika kabla ya magombo ya Bahari ya Chumvi, nakala za kale za Kiyahudi, kuanza kupatikana mwaka 1947, kwa hiyo chukua toleo lililorekebishwa, la 1960 au la baadaye. Namba zake za nakala zisome ukijua ni za zamani. Kipande cha Yohana kilichopo maktaba ya Rylands huko Manchester, ambacho vitabu vya wakati wake vinakipa tarehe ya mapema kwa ujasiri, leo baadhi ya wataalamu wanakipa nafasi pana zaidi, hata kufikia mwanzo wa karne ya tatu.

4. K. A. Kitchen, On the Reliability of the Old Testament

Tofali. Zaidi ya kurasa 600, la 2003, na Kiingereza chake kina vijembe. Kitchen alikuwa mtaalamu wa Misri ya kale wa chuo kikuu cha Liverpool, na wanaosema Agano la Kale lilitungwa lote baada ya uhamisho wa Babeli anawashughulikia bila huruma. Wakati mwingine anapitiliza kwa maneno, na msomaji mtulivu atachoka.

Lakini utaratibu wake ni wa busara. Haanzi na Mwanzo 1. Anaanza na zama za wafalme, ambako ushahidi wa nje ni mwingi: kumbukumbu za Senakeribu zinazojisifu kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kizimbani, na jiwe la Tel Dan lililopatikana mwaka 1993 lenye maneno "nyumba ya Daudi". Akishasimama hapo ndipo anarudi nyuma, kwa Daudi, kwa Yoshua, kwa Musa, hadi kwa Ibrahimu, ushahidi ukizidi kupungua na yeye akitumia zaidi ulinganisho wa mila na mikataba ya zama hizo.

Mfano mmoja unaokaa kichwani ni bei ya mtumwa. Yusufu aliuzwa vipande ishirini vya fedha, Mwanzo 37:28. Kitchen anaonyesha kwamba hiyo ndiyo bei ya karne za kama 18 kabla ya Kristo, zama za Hammurabi, mfalme wa Babeli. Baadaye bei ikapanda hadi thelathini, kama ilivyo katika Kutoka 21:32, na zama za wafalme wa Ashuru ikafika hamsini, kama kodi ya Menahemu kwenye 2 Wafalme 15:20. Mtungaji wa karne za mwisho, anasema, angeweka bei anayoijua yeye. Wako wasiokubali kwamba hoja hiyo inatosha, na ni haki yao, lakini sasa mnabishana juu ya kitu kinachoshikika.

Usikinunue peke yako. Changeni kama jumuiya au kikundi cha kujifunza Biblia, kikae kwa mtu mmoja anayetunza vitu. Asiyetaka tofali anaweza kutafuta kitabu cha Walter Kaiser cha 2001, The Old Testament Documents, ambacho ni chepesi na kimepangwa kwa mfano wa Bruce.

5. Richard Bauckham, Jesus and the Eyewitnesses

Kwa uzito wa kitaaluma hiki kingekuwa cha kwanza. Kwa mnunuzi wa kawaida wa Kariakoo kimeshuka hadi hapa. Kilitoka 2006, toleo la pili lililoongezwa ni la 2017. Bauckham, aliyekuwa profesa St Andrews huko Uskoti, anasema Injili zimekaa karibu sana na mashahidi walioona kwa macho, na kwamba majina yaliyomo ni alama za mashahidi hao. Kwa nini Marko 15:21 imtaje Simoni Mkirene halafu itaje na wanawe wawili? Kwa sababu wasomaji wa kwanza waliwajua.

Takwimu za majina ambazo Williams anazitumia kwa wepesi, hapa zimo kwa ukamilifu: Simoni na Yusufu ni asilimia 15.6 ya wanaume wa Palestina waliorekodiwa, na asilimia 18.2 kwenye Injili na Matendo. Wasomi wengi wamepingana naye, na toleo la pili linajibu sehemu ya mabishano hayo. Mwanafunzi wa theolojia anunue. Wengine waulize kwanza kwenye maktaba ya chuo chochote cha theolojia kilicho karibu.

6. Lee Strobel, The Case for Christ

Najua wengi mlitegemea kukikuta juu. Ndicho kinachojulikana zaidi, kina filamu ya 2017, na ni kitamu kusoma: mwandishi wa habari za mahakama wa Chicago Tribune, aliyekuwa haamini, anawahoji wasomi 13, mmoja baada ya mwingine, Blomberg na Bruce Metzger wakiwemo. Kilitoka 1998.

Tatizo ni kwamba mahakama yake ina upande mmoja. Waliohojiwa wote ni watetezi. Wapinzani wanatajwa, hawaitwi kizimbani. Ukikitumia kumjibu mtu aliyesoma Bart Ehrman, msomi wa Marekani anayezikosoa Injili, atakuuliza kwa nini Ehrman au mwenzake hakupewa kiti, na hutakuwa na jibu. Lakini kama una mdogo wako hasomi kitu kirefu kuliko posti ya Instagram, mnunulie hiki. Atakimaliza.

7. Josh McDowell na Sean McDowell, Evidence That Demands a Verdict

Toleo la 2017 peke yake. Hilo liliandikwa upya na baba na mwanawe, na takwimu zake zimerekebishwa. Matoleo ya zamani, kuanzia la 1972, ndiyo yanayozagaa kwenye mitumba, yakiwa na ile 643 na nukuu za wasomi waliokufa zamani zilizopangwa kama risala. Hata jipya si kitabu cha kusoma mwanzo hadi mwisho. Ni cha kufungua unapotafuta jambo fulani, na kuna watu wanakinunua ili kionekane sebuleni.

Kwa ndugu zetu Wakatoliki: waliotajwa juu karibu wote ni Waprotestanti, na Tobiti na Wamakabayo hawatavikuta humo. Brant Pitre, msomi Mkatoliki wa Marekani, aliandika The Case for Jesus mwaka 2016, na hoja yake kuu ni kwamba Injili hazikuwahi kuzunguka bila majina ya waandishi. Kinaweza kukaa namba tatu kwa urahisi. Msimamo wa Kanisa wenyewe uko kwenye Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya 1965, kifungu cha 19, kifupi tu, ambacho paroko yeyote anaweza kukuonyesha.

Vya kuacha

Acha kitabu kisicho na tanbihi hata moja. Acha kinachoanza sentensi na "wanasayansi wamethibitisha" bila kuwataja. Na acha, tafadhali, chochote kinachoegemea picha za magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu. Picha hizo zinarudi WhatsApp kila mwaka. Chanzo chake ni madai ya Ron Wyatt, Mmarekani aliyefariki 1999, ambaye pia alidai kuiona safina na sanduku la agano, na wanaakiolojia Wakristo wenyewe hawayakubali. Anayetumia hoja hiyo anampa mpinzani wake ushindi wa bure.

Pa kununua, na jinsi ya kukagua

Vitabu vipya utavitafuta kwenye maduka ya vitabu ya makanisa mjini Posta na ya madhehebu mengine mjini. Wauza vitabu vya mitumba wa kando ya Samora na mitaa ya jirani wana bahati zao: leo Bruce yupo, wiki ijayo hayupo. Kwa cha mtumba chenye jalada laini mimi sipandi juu ya elfu kumi na tano, na naanza kwa nusu yake.

Joto na chumvi ya bahari vinakula vitabu. Kifungue katikati kabisa, ukisikia gundi ya mgongo inalia na kurasa zinaachia, hicho kitakuwa karatasi tupu kabla ya Pasaka. Nusa. Kikinuka koga, ukungu utahamia kwenye vitabu vyako vingine kabatini.

Jihadhari na kopi. Kuna vitabu vilivyotolewa kopi steshenari na kubaindiwa vizuri, vinauzwa kwa bei ya kitabu halisi. Dalili: ukurasa wa mchapishaji na mwaka haupo, ramani ni kiwingu cheusi, maneno ya pembeni yamekatwa. Licha ya kwamba ni kumwibia mwandishi, faharasa ndiyo huwa ya kwanza kuachwa, na bila faharasa hutampata Kirenio.

Williams na toleo la pili la Blomberg huenda ukalazimika kuviagiza. Njia nafuu ni ndugu anayerudi kutoka Nairobi au Ulaya mwenye nafasi kwenye begi. Nyingine ni nakala ya kusoma kwenye simu, unayolipia kwa kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu. Haina nauli, na haishiki koga. Ukimwagiza muuzaji, usimtajie kwa mdomo. Mwandikie kwa ujumbe jina la mwandishi, jina la kitabu na mwaka wa toleo, na mwambie akupigie picha ukurasa wenye mwaka kabla hujatuma hela, maana akishakuletea Evidence ya 1972 na bodaboda yuko getini anasubiri nauli yake, utaipokea tu.